Nyama Isiyo na Mkubwa

Kuku ana firigisi moja tu. Selpher hakuelewa kwa nini Mungu, aliyempa kuku mapaja mawili, mabawa mawili na miguu miwili, alichoka ghafla alipofika hapo. Angeongeza moja tu, mumewe Makokha na Mulongo, kaka mkubwa wa Makokha, wangekuwa bado wanasalimiana.

Kwao, upande wa Butere, firigisi haihesabiwi kuwa nyama. Ni cheo. Wenyewe huiita imondo, huliwa na mkubwa wa nyumba, na mke aliyelelewa akaleleka haipeleki kwingine hata akipakua gizani. Hayo Selpher aliyajua tangu utotoni. Jambo ambalo hakuna aliyemfundisha ni hili: mwenye nyumba akitembelewa na kaka yake, yule aliyemlea baba yao alipofariki, mkubwa ni nani? Mwenye mlango au mwenye umri? Siku ya Krismasi, katika nyumba yao ya Shauri Moyo, alisimama mbele ya wanaume hao wawili na mwiko mkononi na wimbo wa kanisani mdomoni, akaiweka firigisi kwenye sahani ya Makokha.

Mulongo aliitazama ikipita. Akaisukuma sahani yake katikati ya meza, akasema, "Naona nyumba hii haina mkubwa," akachukua kofia yake akaenda zake Makadara kwa miguu, mkewe Mirriam akimkimbilia nyuma na viatu vyake vya sikukuu mkononi. Jogoo akapoa mezani. Makokha aliila ile firigisi, lakini aliitafuna kama mtu anayetafuna kifungo cha shati.

Miezi ikapita, mvua ya masika ikaja ikaenda, na ndugu hao hawakuonana ila kwa mbali, kwenye mazishi ya watu wengine. Makokha alikuwa fundi wa bati, na sauti yake ilizoea kushindana na nyundo. Alisema nyumba ni yake na firigisi ni yake, na hata kule kwenye korti ya Makadara hakimu angempa haki. Mulongo, msimamizi wa ghala katika kiwanda cha sabuni, alisema yeye ndiye aliyeacha shule ili huyo mtu apate kusoma, na leo anafundishwa adabu kwa kuku. Ukiwasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja ana haki yake, na hakuna ugomvi mgumu kama ule ambao kila upande una haki. Lawama ikamwangukia Selpher, aliyeshika mwiko.

Angewaacha wanune mpaka meno yawatoke. Lakini kulikuwa na Marion.

Marion alikuwa binti yao wa pekee, karani katika duka la vitambaa kule Eastleigh, na alikuwa amempata Kweyu, kijana mpole mwenye kazi na mama anayeimba kwaya. Wazee wa Kweyu walikuwa wametuma habari kwamba watakuja Jumamosi ya wiki ijayo kubisha hodi. Na katika kikao kama hicho, baba mzazi hamsemei binti yake mwenyewe. Anayesema ni baba mkubwa. Kiti chake kikiwa kitupu, wageni watauliza, wataambiwa kaka mtu na mdogo mtu hawasemezani kwa sababu ya firigisi, nao watakunywa chai yao taratibu na kwenda kuoa kwa watu wenye akili. Selpher alilala na wazo hilo na kuamka nalo. Alikuwa amebakiwa na Jumapili moja tu ya kuwapatanisha.

Siku ya Alhamisi Mirriam alikuja kibandani kwake Gikomba, Selpher alipokuwa akiuza mapazia ya mitumba, akajifanya anapima pazia la maua.

"Wewe pika Jumapili," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba Mulongo alikuwa amejificha ndani ya mtumba. "Mimi nitamleta."

"Atakuja?"

"Nitamwambia ni Marion amemwalika. Huyo mtoto hawezi kumkataa. Usiku anaota akimsemea kwa wageni, namsikia akipanga maneno. Lakini kiburi nacho kiko pale pale." Akalikunja pazia. "Ila Mama Marion, nakuomba kwa jina la Yesu. Usipike kuku."

"Hata yai nitalipika kwa uangalifu," Selpher akasema.

Kusema usipike kuku ni rahisi. Basi upike nini? Jioni hiyo Selpher aliziwaza nyama zote alizozijua, moja moja. Samaki ana kichwa, na kichwa cha samaki kimevunja ndoa za watu. Mbuzi ana mbavu na ana shingo, na hakuna aliyewahi kupewa shingo akashukuru. Ng'ombe wa mchuzi ana vipande vya mfupa na vipande visivyo na mfupa, vinono na vikavu, na Mulongo ana macho ya msimamizi wa ghala, angevikagua vyote kabla ya sala kwisha. Maharagwe yana usawa, ni kweli. Lakini ukimwita Mluhya kwenye chakula cha upatanisho ukampa maharagwe, umeanzisha ugomvi wa pili.

Marion alikuwa akipaka rangi kucha zake kando ya redio, kipindi cha salamu kikiendelea.

"Mathe, si upike kaserol?" alisema. "Tulipika fomu tatu kwa homu sayansi. Ni rahisi, yaani huwezi kukosea."

Selpher aliwahi kuambiwa hivyo mara nyingi maishani, na kila mara alikosea. "Ni kitu gani hicho?"

"Unakata viazi nyembamba nyembamba, unavipanga chini ya sufuria. Unakaanga nyama ya kusaga na kitunguu, nyanya, karoti na minji. Unaimwaga juu ya viazi. Unapanga viazi vingine juu yake. Unapiga mayai na maziwa, unamwagia, unaoka. Basi."

"Na ukishampakulia mtu, anakuwa amepata sehemu gani?"

"Sehemu gani aje? Ni nyama tu imesagwa. Kila mtu anapata sawa na mwenzake."

Selpher alizima redio. "Rudia hapo mwisho," akasema.

Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya wageni, alienda soko la Burma, kwenye bucha ya Nahashon, ambaye alimuuzia nyama tangu Marion akinyonya. Nahashon alikuwa na mashine ya kusagia ya mkono iliyofungwa pembeni mwa meza, na ilikuwa imefunikwa gunia kwa kukosa wateja. Watu wa mtaani hawakuipenda nyama wasiyoiona umbo lake.

"Mama Marion, ni nani ameng'oka meno kwako?"

"Hakuna."

"Basi kuna mgonjwa."

"Nahashon, saga."

"Nyama nzuri hivi? Steki safi kabisa, niifanye uji?"

Selpher akainama juu ya meza. "Hiyo nyama ina kichwa?"

"Haina."

"Ina shingo? Ina mbavu?"

"Haina."

"Ina firigisi?"

Nahashon alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama jirani aliyeanza kuongea peke yake. "Mama, huyu ni ng'ombe."

"Basi saga," akasema Selpher, akasimama pale pale akiangalia mpaka kipande cha mwisho kikapita.

Sasa kuoka. Nyumba za kaunsili ya jiji, kama yao, hazikuwa na oveni. Zilikuwa na jiko la makaa na moshi wa jirani. Marion hakuwa amelifikiria hilo, kwa sababu shuleni oveni ilikuwepo. Aliyemwokoa Selpher ni Batulo, mama wa Majengo aliyeuza vikombe na sahani kibanda cha pili kutoka chake, na ambaye aliposikia shida yenyewe alicheka hadi mtandio ukamwanguka mabegani.

"Shoga, hilo ndilo limekunyima usingizi? Wali wetu unaiva kwa oveni gani? Unaupalia. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko, moto unakutana katikati. Keki za Idi zote za Majengo hupikwa hivyo." Akainua kidole. "Ila sikiliza. Wa chini kidogo, wa juu mwingi. Ukigeuza, umeunguza. Na usifunuefunue. Kila ukifunua, moto unakimbia."

"Wa chini kidogo, wa juu mwingi," Selpher akarudia, na akaendelea kuyarudia maneno hayo njia nzima mpaka Shauri Moyo.

Alimwambia mumewe habari za mpango huo Jumapili baada ya kanisa. Alihitaji kifuniko chenye ukingo ulioinuka, ili makaa yasimwagike, na asingeweza kukipata bila kueleza kilikuwa cha kazi gani. Makokha alisikiliza, nyundo mkononi.

"Aje," alisema. "Mlango wangu haujafungwa. Aliyeufunga ni yeye."

Kisha akatengeneza kifuniko kizuri kuliko vyote alivyowahi kuuza, akanyoa ndevu, akavaa shati alilokuwa amelitunza kwa ajili ya Jumamosi ya wageni. Halafu, Selpher akimwangalia kwa pembe ya jicho, akakihamisha kile kiti chenye mto kutoka mahali pake pa kila siku, akakiweka upande wa mgeni.

"Kinanizuia kuona redio," alieleza.

Redio haionwi, lakini Selpher aliukung'uta mto vumbi. Moyo wake ulikuwa umeruka kidogo kwa tumaini.

Walipika pamoja, yeye na Marion, nyuma ya pazia lililotenga jiko na sebule. Vitunguu vilipoanza kubadilika rangi, nyama ikaingia, ikachanganywa, ikapoteza kabisa habari za ng'ombe. Viazi chini, nyama kati, viazi juu. Mayai na maziwa yakashuka taratibu katika nyufa. Selpher alichagua sufuria ya mviringo makusudi, kwa sababu trei ya mraba ina kona, na kona ni cheo kingine. Akaweka kifuniko cha Makokha na makaa mekundu juu yake. Hata yeye alikiri kwamba hiyo kazi, kama kaserol zote ni hivyo, ilikuwa rahisi kuliko kusonga ugali.

Lililomshinda ni kungoja. Saa kumi na moja wageni hawakuwa wamefika. Selpher akatoka mlangoni, akarudi, akatoka tena. Akamwona mtu mwenye kofia mbali karibu na mfereji, moyo ukampanda, kumbe ni Mulama wa kuuza makaa. Na kila aliporudi ndani, ili mikono ipate la kufanya, alichochea jiko. Aliongeza kipande kimoja chini, kisha kingine. Moto wa Batulo ukageuka juu chini, na hakuna aliyetambua mpaka Marion aliponusa.

"Mathe, imeshika!"

Waliiepua haraka. Juu ilikuwa imeumuka vizuri, ya rangi ya dhahabu, inameremeta. Chini kulikuwa na harufu. Selpher alitaka kulia, lakini wakati huohuo sauti ya Mirriam ilipiga hodi, na nyuma ya Mirriam kikohozi kimoja kikavu alichokifahamu vizuri sana.

Mulongo aliingia na kofia yake mkononi. Alikuwa amepungua kidogo, au labda ni koti lilikuwa limekua. Ndugu walishikana mikono kama wanaopokezana kitu cha moto.

"Umefika," alisema Makokha.

"Nimefika."

Mazungumzo yakaishia hapo. Mulongo akaonyeshwa kiti chenye mto, akakitazama, akakaa. Mirriam akatoa kwenye kikapu kifurushi kilichofungwa kwa vitambaa na taulo, akakifungua: ugali wa moto, umepikwa Makadara na kubebwa kama mtoto.

"Nilisikia kuna mapishi ya kizungu," alisema, "nikasema huyu wangu nisimpeleke vitani bila silaha."

Nyuma ya pazia Marion alikuwa ameshika kisu. "Nikate sita?"

"Sisi ni watano. Cha sita ni cha nani?"

Marion akatafakari, akaona kaburi lililokuwa limefunguka mbele yao, akakata vipande vitano, akiinama na kufumba jicho moja kama fundi wa mbao. Wakaviinua kwa uangalifu, wakaacha chini ile sehemu iliyoshika, wakaificha sufuria chini ya meza ndogo. Sahani tano, vipande vitano, hata pacha hawafanani namna hiyo. Selpher alizibeba mezani akiwa na fahari iliyomjaa kifuani. Hakuna mfupa. Hakuna kichwa. Hakuna mkubwa. Ni nani angepata pa kuanzia?

Makokha akaomba sala fupi. Kisha Mulongo akaitazama sahani yake. Akaitazama ya mdogo wake. Akaitazama ya mkewe, ya Selpher, akamalizia na ya Marion, na hapo macho yake yakakaa.

"Mama Marion," alisema taratibu.

"Naam, Baba Everline."

"Mimi na huyu mtoto tumepewa sawa?"

"Ndiyo, baba. Wote sawa."

"Krismasi nilipewa kidogo kuliko mdogo wangu. Leo nimepewa sawa na binti yangu. Krismasi ijayo sijui nitapewa sawa na nani. Labda paka."

Mirriam akafumba macho. Selpher akamgeukia mumewe kwa matumaini, maana huyu angalau aliujua mpango. Lakini Makokha naye alikuwa akikigeuzageuza kipande chake kwa uma, kama anayemtafuta mtu.

"Kusema kweli," alisema Makokha, "hata mimi nimeshangaa. Mwenye nyumba, mgeni, na mtoto, kipande kimoja? Mtu anakula, na hajui anaheshimiwa au vipi."

"Si ndiyo ninavyosema?" Mulongo akamgeukia.

"Nyama haina hata mfupa wa kukuambia wewe ni nani."

"Imesagwa! Kama ya mtu asiye na meno!"

Na ndivyo ilivyokuwa: ndugu wawili ambao hawakuwa wamekubaliana kuhusu jambo lolote tangu Krismasi walikaa bega kwa bega, wakikubaliana kwa moyo mmoja kwamba Selpher amekosea. 

Selpher alisimama. Yeye ni mtu wa maneno ya polepole, lakini akijaa, anajaa.

"Basi," alisema. "Basi! Nikiweka firigisi, nimekosea. Nikiiondoa, nimekosea. Nimezunguka soko zima la Burma nikitafuta nyama isiyo na mkubwa, muuza nyama akadhani nimerukwa na akili. Nimepalia makaa kama bibi wa Majengo. Jumamosi watu wa Kweyu wanakuja hapa kumuulizia Marion, na hakuna wa kumsemea, kwa sababu wazee wawili wenye mvi wanagombania kitu kinachotosha kwenye kijiko! Mimi ninaogopa. Ninaogopa mtoto wangu atakosa nyumba nzuri kwa ajili ya kuku. Kama hamtaki kula sawa, msile. Naenda kuosha sufuria."

Akapita pazia, akainama hadi chini, akaivuta ile sufuria. Aliikwangua kidogo kwa kucha, akaona imegandamana, akachota kopo la maji kutoka ndooni.

Maji yalipolia kwenye kopo, sauti mbili zilipaa kwa pamoja kutoka upande wa pili wa pazia.

"Usitie maji!"

Selpher akabaki kopo likiwa juu. Pazia likafunguka kwa kishindo na Makokha akaingia, akifuatwa na kichwa cha Mulongo kilichochungulia juu ya bega lake.

"Hiyo harufu," Makokha alisema, "ni ya ukoko?"

"Tangu niingie ninaisikia," alisema Mulongo. "Nikadhani ni ya jirani."

Makokha aliichukua sufuria kama anayechukua mtoto mchanga, akairudisha sebuleni, akaketi kwenye kigoda na kuibana katikati ya magoti. Akaanza kukwangua kwa kijiko. Alikwangua kwa ufundi wake wote wa bati, akizunguka ukingo, akiinua hapa, akibembeleza pale. Viazi vya chini vilikuwa vimekaangika katika mafuta ya nyama mpaka vikashikana, vikawa vyekundu, vigumu, vinang'aa. Hatimaye ukoko ukabanduka wote kwa mara moja, mpana, mzima, ukitoa mlio mdogo wa kukauka.

Kila mtu aliutazama. Kitu chenye umbo kilikuwa kimepatikana katika nyumba hiyo, kimoja tu, na Selpher, akiwa amesimama kwenye pazia, alihisi Krismasi ikirudi.

Makokha aliushika kwa ncha za vidole kwa sababu ulikuwa wa moto. Akauangalia. Kisha akainuka kigodani, akavuka zile hatua chache hadi kwenye kiti chenye mto, akauweka kwenye sahani ya kaka yake kwa mikono miwili.

"Chukua, kaka," alisema. "Huu ni wako. Wewe ndiye mkubwa wangu."

Mulongo hakuugusa. Aliitazama mikono ya mdogo wake, iliyochanjwachanjwa na bati.

"Makokha. Wewe unadhani nilikuwa na njaa ya firigisi?"

"Hapana."

"Kiwandani tunalipwa. Ningenunua firigisi nikajaza ndoo. Nilitaka wewe uichukue kwenye sahani yako unipe kwa mkono wako, basi. Hata ningekurudishia. Nilishapanga kukurudishia, nikasema nitaimega, nimpe nusu mbele ya watoto. Nikangoja, nikakuona unaila."

Makokha aliinamisha kichwa. "Nilijua unangoja," alisema. "Nikasema, kwa nini nikiwa nyumbani kwangu bado ninajisikia mtoto wako? Nikaila kwa hasira. Haikuwa na ladha yoyote, kaka. Mpaka leo sijala kuku nikafurahi."

"Wewe *ni* mtoto wangu, mjinga wewe," Mulongo akasema, na machozi yakamtoka waziwazi, wala hakuyafuta. Akauvunja ukoko kwenye goti lake, kra, vipande viwili, akavilinganisha, akampa Makokha kile kikubwa.

"Mbona unanipa kikubwa?"

"Si ulikuwa ukipewa kidogo unalia mpaka majirani wanakuja? Mama anatoka shambani anadhani nimekupiga."

"Nilikuwa nafanya makusudi."

"Unasema nini?"

"Machozi yale yalikuwa ya mate, kaka. Nilikuwa ninayapaka."

Mulongo alimkodolea macho. Miaka yote ile, ukoko wote ule wa ugali. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kikubwa, kikamfanya akohoe, na Makokha akampiga mgongoni huku naye akicheka, na Mirriam akasema, "Asante Bwana," akaukata ugali. Marion alijiuliza kwa sauti kama ndiyo hao watu wanaotakiwa kuonekana na wakwe zake.

Walikula mpaka sahani zikawa safi. Ikatokea kwamba nyama ya kusaga, ikiliwa na ugali wa Makadara, ni chakula cha maana, na Mulongo akamaliza kipande chake, akamaliza na nusu ya Mirriam, akauliza kwa mzaha kama huyo ng'ombe alikuwa na ndugu. Selpher naye alikula. Alikuwa na njaa ya siku nzima, na zaidi ya siku.

Lakini kuhusu Jumamosi hakuna aliyesema neno. Selpher alingoja. Chai ikanywewa, ndugu wakasimuliana habari za Butere, nani amefariki, nani ameuza shamba, na bado hakuna. Aliogopa kuuliza, maana alikuwa ameshapaaza sauti mara moja na kwa mke aliyelelewa mara moja inatosha. Mirriam akafunga vitambaa vyake kikapuni. Mulongo akasimama, akachukua kofia. Moyo wa Selpher ukashuka.

Mlangoni, Mulongo alimgeukia Marion.

"Hawa watu wa Kweyu, Jumamosi wanakuja saa ngapi?"

Sahani zilizokuwa mkononi mwa Selpher zikalia.

"Saa nne, baba mkubwa," Marion alisema.

"Saa nne." Mulongo akaivaa kofia, akaiweka sawa. "Basi mimi nitakuwa hapa saa moja. Siwezi kufika pamoja na wageni nyumbani kwetu."

Akatoka, Mirriam akimfuata polepole, viatu vikiwa miguuni. Selpher aliweka sahani chini, akakaa kwenye kile kiti chenye mto kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akalia kwa furaha mbele ya mumewe na binti yake bila kujificha. Hakuna aliyemwambia ainuke.